Mildred Burke: Malkia wa mieleka aliyeshinda ulingoni, akapokonywa ofisini

Na Mwandishi Wetu, Moshi

KWA vijana wengi wa miji yetu, Moshi ikiwamo, mieleka ya kulipwa iliingia kwa njia ya kanda za video na baadaye televisheni. Majina ya wababe wa Marekani yakazoeleka vibarazani karibu sawa na yale ya wachezaji wa Simba na Yanga. Wanawake nao walionekana katika kanda hizo, lakini mara nyingi walikuwa wapambe wa kuwasindikiza wanaume hadi ulingoni, na kwa sababu hiyo wapo wanaoamini hadi leo kwamba mwanamke kupigana mieleka kwa malipo ni jambo la juzi.

Si la juzi. Mwaka 1937, wakati wakulima wa kahawa wa Uchaggani walipokuwa wakivutana na serikali ya kikoloni wakipinga kulazimishwa kuuza mazao yao kupitia chama cha ushirika cha KNCU, huko Marekani mwanamke mmoja mfupi mwenye misuli iliyojengeka alikuwa akivishwa ubingwa wa dunia wa mieleka ya wanawake. Jina lake la ulingoni lilikuwa Mildred Burke. Aliushikilia ubingwa huo kwa takribani miaka 17, na namna alivyoupoteza bado inabishaniwa na wajuzi wa mchezo huo, ingawa wahusika wakuu wote wamekwisha kufariki.

Alizaliwa Agosti 5, 1915, katika mji mdogo wa Coffeyville, jimboni Kansas, akiitwa Mildred Bliss, kitinda mimba katika familia ya watoto sita. Familia yake ilihamahama kutafuta riziki. Akiwa na umri wa miaka 15 aliacha shule na kwenda kufanya kazi ya kuhudumia wateja mgahawani katika eneo la Gallup, New Mexico, karibu na ardhi ya Wahindi Wekundu wa kabila la Zuni. Aliolewa akiwa na miaka 17, akahamia Kansas City, na huko ndiko mumewe alikompeleka kutazama mieleka kwa mara ya kwanza. Haukupita muda mrefu mume huyo akamwacha akiwa mjamzito. Binti huyo akabaki akimsaidia mama yake katika mgahawa, huku Marekani yote ikiwa imezama katika mdororo mkubwa wa uchumi.

Miongoni mwa wateja wa mgahawa huo alikuwamo Billy Wolfe, mwanamieleka aliyekuwa akielekea ukingoni mwa siku zake za ulingoni na aliyekuwa akiwafundisha wengine. Mildred alimwomba amfundishe. Wolfe alikataa, akaona ni masihara ya mwanamke mwenye mtoto mchanga na mwili mdogo. Burke alikuwa na urefu wa sentimita 157 hivi, na hata katika siku zake za ubingwa uzito wake haukuzidi sana kilo 62. Alipozidi kung'ang'ania, Wolfe alimpangia kijana wa kiume amwinue na kumbwaga chini kwa nguvu ili akome. Kilichotokea, kwa masimulizi ya Burke mwenyewe, ni kwamba kijana ndiye aliyebwagwa na mabega yake kubanwa sakafuni. Alipopewa nafasi ya kurudia, akabwagwa tena. Kuanzia siku hiyo Wolfe akawa mwalimu wake, kisha meneja wake na, mwaka 1936, mume wake.

Kwa wakati huo hapakuwa na wanawake wa kutosha wa kupigana nao. Wolfe akampeleka katika maonyesho ya kuhamahama, yale yaliyokuwa yakizunguka miji midogo na mahema yake, mabembea, wanyama na michezo ya bahati nasibu. Katika moja ya mahema hayo palikuwa na ulingo, na juu ya jukwaa la mlangoni alisimamishwa Mildred. Mpiga debe alitangaza kwamba mwanamume yeyote asiyemzidi uzito kwa kiasi kikubwa, atakayeweza kumlaza chali ndani ya dakika 10, angeondoka na dola 25. Leo fedha hiyo inaonekana ndogo, lakini mwaka 1935 ilizidi ujira wa wiki wa wafanyakazi wengi wa viwandani. Wakulima, wachimba makaa ya mawe na vijana wa mitaani walijitokeza, wengine kwa ajili ya fedha, wengine kwa sababu hawakuvumilia kuona mwanamke akijitapa mbele ya watu.

Burke alihesabu kuwa alipambana na wanaume zaidi ya 200 katika miaka hiyo na kushindwa mara moja tu, baada ya kugongwa na goti na kupoteza fahamu. Hesabu hiyo ni yake, na biashara ya mahema haikuwa na karani wa kuithibitisha. Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba yote yalikuwa maigizo. Mtu aliyetoka kwenye umati akiwa amelipia kiingilio hakuwa amekubaliana na yeyote juu ya matokeo, na mwanamke aliyepanda ulingoni naye bila kujua mbinu za kukaba na kutegua viungo angerudi nyumbani amevunjika. Hapa ndipo Burke alipojifunza kupigana kweli, na ujuzi huo ndio uliomfanya baadaye awe tishio hata kwa waliotaka kumpangia cha kufanya.

Yafaa kueleza jambo hili kwa wasioufahamu mchezo. Mieleka ya kulipwa, tofauti na ile ya Michezo ya Olimpiki, ilikwisha kuwa tangu kabla ya kuzaliwa kwa Burke mchezo ambao matokeo yake hupangwa na mapromota. Wanamieleka wenyewe waliitunza siri hiyo kwa miongo mingi. Maumivu yalikuwa ya kweli, mifupa ilivunjika kweli, lakini nani angeinuliwa mkono mwishoni lilikuwa jambo la ofisini. Kwa hiyo bingwa alikuwa mtu ambaye mapromota walimwamini kuuza tiketi, na pia mtu mwenye uwezo wa kujilinda iwapo mpinzani angegeuka ghafla na kuamua kupigana kwa dhati ili amnyang'anye mkanda.

Januari 1937, mjini Chattanooga katika jimbo la Tennessee, Burke alimshinda Clara Mortensen, aliyekuwa akitambulika kama bingwa wa dunia. Walirudiana, mkanda ukaenda na kurudi, lakini kabla mwaka huo haujafika nusu ulikuwa umetulia kiunoni mwa Burke.

Kilichofuata ni maisha ya barabarani. Burke na Wolfe walisafiri kwa gari usiku kucha kutoka mji hadi mji, na safari kama ile ya Moshi hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, ilikuwa kazi ya kawaida ya siku moja, ikifuatiwa na pambano jioni. Majimbo kadhaa yalipiga marufuku wanawake kupanda ulingoni kwa hoja ya kulinda maadili. New York, jimbo lenye ukumbi mashuhuri wa Madison Square Garden, halikuondoa katazo hilo hadi mwaka 1972, ikiwa ni miaka mingi baada ya Burke kustaafu. Palipokuwa na ruhusa, watazamaji walijaa. Wengi walikuja kwa kejeli au kwa tamaa ya macho, na Burke alilijua hilo. Aliingia ulingoni akiwa amevaa vazi jeupe la kung'aa, joho lililonakshiwa kwa vito, nywele zimetengenezwa na vidole vimejaa almasi. Kisha joho likavuliwa, na umati ukaona mabega na mapaja ambayo wanaume wengi ukumbini hawakuwa nayo.

Vita vya Pili vya Dunia vilipochukua wanaume wengi kwenda jeshini, nafasi za wanawake katika kumbi za mieleka ziliongezeka. Baada ya vita, televisheni ikaupa mchezo mashabiki wapya. Waandishi waliochunguza maisha ya Burke wanakadiria kwamba katika miaka yake bora aliingiza hadi dola 50,000 kwa mwaka, kiasi ambacho wanamichezo wengi wa kiume wa Marekani wa zama hizo hawakukifikia. Miaka hiyo ndiyo inayopaswa kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ndimo ulimopandwa msiba wake.

Fedha zote zilipita mikononi mwa Wolfe. Kutoka makao yake mjini Columbus, Ohio, alijenga kundi la wanawake wapatao 30, akawafundisha, akawapangia mapambano katika kumbi za nchi nzima na kukata sehemu kubwa ya mapato yao. Promota aliyehitaji pambano la wanawake alilazimika kupiga simu kwa Wolfe. Mapromota wakubwa walipounda umoja wao wa NWA mwaka 1948, haikuchukua muda Wolfe naye akaingizwa humo. Burke alikuwa bingwa na kivutio, lakini hakuwa mjumbe. Hakuna mwanamke aliyekuwa mjumbe.

Ni haki pia kusema kwamba Wolfe, kwa sababu zake za kibiashara, aliwafungulia mlango watu ambao wengine waliwafungia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliwaajiri Babs Wingo, Ethel Johnson na Marva Scott, dada watatu weusi waliokuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa asili ya Afrika kupigana mieleka ya kulipwa nchini humo, wakati ambapo katika majimbo ya Kusini watazamaji weusi walikaa upande wao peke yao. Ethel Johnson alifariki mwaka 2018, na heshima ya ukumbi wa wanamieleka mashuhuri wa WWE aliipata mwaka 2021, akiwa kaburini.

Ndani ya nyumba, ndoa ya Wolfe na Burke ilikuwa imekufa siku nyingi. Wolfe alikuwa na mahusiano na baadhi ya wanawake wa kundi lake bila kificho, na Burke naye aliingia katika uhusiano na mtoto wa kiume wa Wolfe aliyezaliwa katika ndoa ya awali. Burke alieleza baadaye kwamba aliwahi kupigwa vibaya na mumewe huyo. Kisha likaja tukio la Julai 1951. Janet Wolfe, msichana wa miaka 18 ambaye wanandoa hao walikuwa wamemlea kama binti wa kuasili, alizimia kando ya ulingo mjini East Liverpool, Ohio, wakati wa pambano la wawili kwa wawili, na akafariki saa chache baadaye. Uchunguzi ulifanyika na hakuna aliyeshitakiwa. Ratiba ya mapambano haikusimama.

Talaka ilikuja mwaka 1952. Kwa upatanishi wa watu wa NWA, yalifikiwa makubaliano ambayo kwenye karatasi yalionekana mazuri kwa Burke: alilipa dola 30,000 kununua sehemu ya Wolfe katika biashara, na Wolfe akaahidi kutojihusisha na mieleka ya wanawake kwa miaka mitano. Laiti karatasi ingekuwa na nguvu. Mapromota waliokuwa wakifanya kazi na Wolfe kwa zaidi ya muongo mmoja waliendelea kumpigia simu yeye. Haikupita miezi mingi akawa amerudi kazini waziwazi. Juni 1953 yaliandaliwa mashindano mjini Baltimore ya kumpata bingwa mpya wa dunia, ilhali bingwa aliyekuwapo hakuwa ameshindwa na mtu. Mshindi alikuwa June Byers, mwanamke mrefu na mwenye nguvu kutoka Texas, ambaye alikuja kuwa mkwe wa Wolfe kwa kuolewa na mwanawe yuleyule.

Kampuni ya Burke ikaishiwa fedha na kuwekwa chini ya mfilisi, na shughuli zake zikaishia tena mikononi mwa Wolfe. Ikumbukwe kwamba hapo Burke alikuwa bado analipia deni la kuinunua. NWA yenyewe ikatangaza kutojihusisha na mieleka ya wanawake, uamuzi ambao kwa maneno ulikuwa wa kutopendelea upande wowote, lakini kwa vitendo ulimwacha kila promota afanye kazi na yule aliyemzoea. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hapo ndipo Burke aliposhindwa, na hapakuwa na mpinzani wala mwamuzi mbele yake.

Bado alikuwa na silaha moja, nayo ni kule kujua kwake kupigana. Agosti 20, 1954, mjini Atlanta, Burke na Byers walikutana katika pambano la washindi wa mara mbili kati ya tatu. Safari hii ofisi haikuwa imekubaliana na wapiganaji juu ya matokeo. Kambi zote mbili zilijua kwamba lilikuwa pambano la kweli, jambo ambalo kwa ngazi hiyo ya mieleka ya kulipwa lilikuwa nadra mno. Burke alikuwa na miaka 39 na goti bovu. Byers alikuwa mdogo kwake kwa miaka saba.

Byers alichukua mkondo wa kwanza. Burke alisisitiza maisha yake yote kwamba aliuachia kwa makusudi, ili apate muda wa kulirekebisha goti lililokuwa limeteguka, akijua kwamba bado alihitaji kushindwa mara moja zaidi ndipo apoteze ubingwa. Mkondo wa pili ukawa wa kukabana na kusukumana bila yeyote kumlaza mwenzake. Mambo ya kupendeza macho, yale ya kurushana na kuruka, hayakuwapo, na watazamaji wakachoka. Hatimaye wasimamizi wakalisimamisha pambano bila mkondo wa pili kupata mshindi.

Burke alitoka ukumbini akiamini kwamba bado ni bingwa, kwa kuwa kanuni ilitaka ushindi wa mara mbili. Asubuhi yake magazeti yakaeleza kwamba Byers ndiye mshindi. Wolfe na washirika wake walihakikisha habari hiyo inawafikia mapromota wa nchi nzima, na milango iliyokuwa imebaki wazi kwa Burke ikafungwa mmoja baada ya mwingine.

Pengine hadithi ingeishia hapo kama si Japani. Mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 1954, mieleka ya kulipwa ilikuwa imeiteka nchi hiyo kwa njia ya televisheni, kupitia nyota wao Rikidozan. Novemba, miezi mitatu tu baada ya Atlanta, Burke aliongoza kikundi cha wanamieleka wanawake wa Kimarekani kwenda kupigana huko. Vikundi vidogo vya wanawake wa Kijapani vilikuwapo tangu baada ya vita, vikiwaburudisha zaidi askari wa kigeni, lakini havikuwa na heshima ya mchezo. Ziara ya Burke iliwajaza watu kumbini, katika nchi ambayo mieleka yake ya jadi, sumo, haimruhusu mwanamke hata kukanyaga uwanja wake.

Aliporejea alianzisha chombo chake mwenyewe, WWWA, chenye makao Los Angeles, akaendelea kujitangaza bingwa wa dunia. Nchini kwake chombo hicho hakikupata nguvu. Alistaafu kupigana katikati ya miaka ya 1950 na kujikita katika kufundisha. Lakini Wajapani waliokuja kuanzisha kampuni ya All Japan Women mwaka 1968 waliuchukua ubingwa wa WWWA kuwa mkanda wao mkuu kuanzia mwaka 1970. Mkanda huo, ambao mashabiki waliuita mwekundu kwa rangi yake, ulipiganiwa kwa zaidi ya miaka 30. Katika miaka ya 1980 Chigusa Nagayo na Lioness Asuka, waliojulikana kama Crush Gals, walijaza kumbi wakishangiliwa na maelfu ya wanafunzi wa kike, wengi wao wakiwa hawajui kwamba mkanda unaogombewa uliasisiwa na mwanamke aliyenyimwa kazi kwao Marekani. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 2005.

Wolfe alifariki mwaka 1963. Kundi lake lilikwisha kusambaratika, na nafasi yake ilichukuliwa na Lillian Ellison, maarufu kama The Fabulous Moolah, aliyetwaa taji mwaka 1956 na kulitawala soko la wanawake kwa miongo kadhaa. Naye alikuja kulaumiwa na baadhi ya wanafunzi wake kwa makato yaleyale ya Wolfe. Byers alistaafu mwaka 1964 na kufariki mwaka 1998.

Burke aliishi California, akiwa na shule ya mieleka na almasi chache. Mwaka 1981 ilipotoka filamu ya Hollywood kuhusu wanamieleka wawili wa kike, yeye ndiye aliyekuwa amewafundisha waigizaji wake namna ya kuanguka bila kuvunjika. Aliandika pia kumbukumbu za maisha yake, akaeleza mahema, almasi, kipigo na Atlanta, lakini hakupata mchapishaji. Alifariki Februari 18, 1989, huko Northridge, California, kutokana na kiharusi, akiwa na umri wa miaka 73.

Muswada huo ulikuja kumfikia mwandishi wa habari Jeff Leen wa gazeti la The Washington Post, aliyeutumia pamoja na nyaraka nyingine kuandika kitabu cha maisha ya Burke kilichotoka mwaka 2009. Kutokana na kitabu hicho ilitengenezwa filamu ya Queen of the Ring, iliyoonyeshwa katika kumbi za sinema za Marekani mwaka 2025, Emily Bett Rickards akiigiza nafasi ya Burke. WWE, kampuni kubwa kuliko zote za mchezo huo, ilimwingiza katika orodha yake ya mashujaa mwaka 2016, miaka 27 baada ya kifo chake.

Kuhusu pambano la Atlanta, wanahistoria wa mieleka hawajakubaliana. Wapo wanaoanza kuhesabu ubingwa wa Byers usiku ule, wapo wanaouanzia Baltimore mwaka mmoja kabla, na wapo wanaoandika kwamba Burke alistaafu akiwa bingwa.